Ruzuku za kuchaji magari ya umeme ghorofani: Nani hulipa, na hulipia nini

Na MWANDISHI WETU

MWENYE nyumba ya peke yake iliyo na ua anaponunua gari la umeme, kazi inayobaki ni ya fundi mmoja na ya siku moja: kutundika kifaa cha kuchajia ukutani na kukiunganisha na mita iliyo hatua chache tu kutoka hapo. Anayeishi orofa ya sita katika jengo la familia 40 hana wepesi huo. Gari lake liko chini, mita yake iko kwingine, na nyaya za kuunganisha viwili hivyo zitapitia kuta na sakafu ambazo ni mali ya wote. Idhini nayo imo mikononi mwa kamati ya wakazi au landilodi ambaye pengine hana haja yoyote na gari la aina hiyo.

Tofauti hii ndiyo iliyozifanya serikali kadhaa kubuni motisha za kifedha zinazolenga majengo ya makazi ya pamoja, mbali na zile zinazotolewa kwa wanunuzi wa magari. Makala haya yanaeleza aina za motisha hizo, zilivyotekelezwa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Norwe na Marekani, na kile ambacho mkazi wa nyumba ya ghorofa nchini Kenya anaweza kukizingatia.

Suala lenyewe linahusu mfuko wa mwananchi. Uingereza ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi umeme unaotumiwa nyumbani nchini humo ulitozwa ushuru wa VAT wa asilimia 5, ilhali umeme uleule ukiuzwa katika kituo cha umma ulitozwa asilimia 20. Isitoshe, katika mwaka wa 2024 mwenye mita yake nyumbani aliweza kupata bei ya usiku isiyofika peni 10 kwa uniti, huku vituo vya umma vinavyochaji kwa kasi vikitoza zaidi ya peni 70. Betri inayohitaji uniti 50 ingejazwa kwa chini ya pauni 5 nyumbani, na kwa zaidi ya pauni 35 barabarani. Asiye na mahali pa kuchajia anapoishi hulipa mara saba kwa safari ileile, na mara nyingi huyo ni mkazi wa ghorofa au mpangaji.

Gharama tatu katika jengo moja

Ili kuelewa kwa nini ruzuku nyingine hufaulu na nyingine huanguka, yafaa kwanza kutenganisha gharama tatu ambazo huchanganywa aghalabu.

Ya kwanza ni kifaa chenyewe cha kuchajia, ambacho humfaa mkazi mmoja aliye na gari. Ya pili ni njia ya pamoja ya umeme: nyaya kuu kutoka chumba cha mita hadi kwenye maegesho, mabomba ya kuzipitishia, bodi ya kugawa umeme na mita za kupima matumizi ya kila mmoja. Ya tatu ni uwezo wa laini inayoingia katika jengo, ambayo ikizidiwa hulazimu kampuni ya umeme kuongeza nguvu au hata kuweka transfoma mpya.

Kifaa cha kawaida cha nyumbani hutumia takriban kilowati 7. Jengo lenye magari 40 likiwa na vifaa 40, na wenye magari wote wavichomeke saa moja jioni wakirejea kutoka kazini, jengo hilo litadai kilowati 280 kwa mpigo mmoja. Ni majengo machache ya makazi yaliyojengwa yakiwa na uwezo wa ziada wa kiasi hicho.

Hata hivyo, gari linalotembea kilomita 40 kwa siku huhitaji takriban uniti 7 tu za umeme kurejesha kilichotumika. Magari 40 yatahitaji uniti 280 kwa usiku mzima. Endapo umeme huo utagawanywa kwa saa nane, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, jengo litahitaji kilowati 35 pekee, yaani thumuni ya kiasi cha kwanza. Kinachofanya kazi hiyo ni mfumo wa kugawa mzigo wa umeme, ambao huyapa magari zamu, huongeza na kupunguza kasi ya kuchaji, na kuhakikisha kwamba lifti, pampu za maji na jikoni za wakazi haziathiriki.

Hapo ndipo palipo na kiini cha suala hili. Mkazi wa kwanza anayeruhusiwa kujivutia waya wake binafsi huutumia uwezo wa umeme uliobaki katika jengo bila kulipa cha ziada. Wa pili na wa tatu hufuata nyayo zake. Wa kumi huambiwa kwamba umeme umekwisha na kwamba akitaka kuchaji alipie transfoma. Ruzuku inayolipia kifaa cha mtu mmoja mmoja huharakisha tatizo hili, ilhali ruzuku inayolipia njia ya pamoja huliepusha. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na katika majengo ya pamoja kauli hiyo ina maana ya kihandisi kabisa.

Aina za motisha

Motisha zinazotumika katika nchi mbalimbali zinaweza kugawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni ruzuku ya moja kwa moja, ambapo serikali au wakala wake hulipa sehemu ya gharama hadi kikomo fulani. La pili ni unafuu wa kodi, ambapo aliyegharimia kazi hiyo hukatiwa sehemu ya kodi anayodaiwa mwishoni mwa mwaka. La tatu ni ufadhili wa awali, ambapo kampuni ya umeme au mwekezaji hujenga njia ya pamoja kwa fedha zake na kurejeshewa kidogo kidogo na wanaoitumia. La nne ni bei maalumu ya umeme, hasa ya usiku, inayomwezesha mtumiaji kufidia gharama alizotumia mwanzoni.

Kila fungu lina mnufaishwa wake. Unafuu wa kodi humfaa mwenye kipato kinachotozwa kodi ya kutosha, na hauwezi kumsaidia asiyekuwa na fedha za kulipa kwanza. Ruzuku ya moja kwa moja huhitaji bajeti ambayo huweza kukauka. Ufadhili wa awali huondoa mzigo wa kuanzia, lakini humfunga mkazi kwa malipo ya miaka mingi. Bei maalumu ya umeme haina manufaa yoyote kwa asiyekuwa na mita ya kupima kile alichochaji.

Uingereza: Kutoka nyumba za pekee hadi ghorofani

Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa ruzuku ya vifaa vya kuchajia nyumbani mwaka wa 2014. Kikomo cha ruzuku kilipunguzwa kadiri miaka ilivyosonga, hadi kufikia pauni 350 kwa kifaa mwaka wa 2020. Mpango huo ulimfaa zaidi mwenye nyumba ya pekee iliyo na maegesho yake, kwa kuwa huyo hakuhitaji kumwomba mtu yeyote idhini.

Mnamo Machi 31, 2022, mlango huo ulifungwa kwa wamiliki wa nyumba za pekee. Kuanzia siku iliyofuata ruzuku ilielekezwa kwa makundi mawili: wamiliki wa nyumba katika majengo ya ghorofa, na wapangaji wa aina zote. Kiwango kilibaki asilimia 75 ya gharama, isizidi pauni 350. Masharti yalikuwa kwamba mwombaji awe na maegesho yake nje ya barabara, awe na gari linalokubalika, na kazi ifanywe na fundi aliyeidhinishwa na ofisi ya serikali inayosimamia mpango huo. Fundi ndiye aliyedai fedha kutoka serikalini na kuzikata katika ankara ya mteja, hivyo mkazi hakulazimika kulipa zote kisha asubiri kurudishiwa.

Mabadiliko makubwa zaidi ya mwaka huo yalikuwa ruzuku mpya ya miundombinu kwa wenye majengo ya makazi. Hii ililipa asilimia 75 ya gharama ya kuandaa maegesho, hadi pauni 30,000 kwa jengo moja. Ndani ya kiasi hicho, kila nafasi ya kuegesha iliyowekwa kifaa kinachofanya kazi ilihesabiwa hadi pauni 850, na ile iliyofikishiwa nyaya tu, tayari kwa matumizi ya baadaye, hadi pauni 500. Mwenye majengo mengi aliruhusiwa kuomba hadi mara 30 kwa mwaka mmoja wa kifedha, kila ombi likihusu jengo tofauti.

Busara ya mpango huo imo katika zile pauni 500. Serikali ilikubali kulipia nafasi ambayo bado haina gari la umeme wala kifaa. Landilodi aliyekuwa na wapangaji wawili wenye magari hayo angeweza kuandaa nafasi 20 kwa mara moja, fundi akachimba na kutoboa mara moja, na kila mpangaji atakayefuata akagharimia kifaa tu.

Sambamba na ruzuku, kanuni za ujenzi za England zilibadilishwa kuanzia Juni 15, 2022. Tangu siku hiyo kila nyumba mpya iliyo na maegesho yake, ikiwemo ya ghorofani, hutakiwa kuwa na mahali pa kuchajia. Kanuni hizo ziliweka pia kinga dhidi ya gharama za kupindukia: iwapo wastani wa gharama ya kuunganisha umeme ungepita pauni 3,600 kwa kila kifaa, mjenzi angeruhusiwa kuweka mabomba ya kupitishia nyaya badala ya vifaa vyote. Kwa hiyo fedha za umma zilielekezwa kwa majengo ya zamani, nayo majengo mapya yakaachiwa wajenzi.

Kilichobaki kuwa kikwazo ni umiliki. Nyumba nyingi za ghorofani nchini humo humilikiwa kwa mkataba wa ukodishaji wa muda mrefu, huku ardhi na sehemu za pamoja zikiwa za mtu au kampuni nyingine. Mkazi anaweza kuwa na sifa zote za kupata ruzuku, kisha akanyimwa idhini ya kupitisha waya. Fedha zipo, lakini ufunguo wa chumba cha mita uko kwa mwingine.

Ujerumani: Fedha zilipokimbilia kwingine

Ujerumani inatoa funzo la pande mbili. Mnamo Novemba 24, 2020, benki ya maendeleo ya serikali, KfW, ilianza kupokea maombi ya ruzuku ya yuro 900 kwa kila mahali pa kuchajia katika majengo ya makazi. Wamiliki, wapangaji, landilodi na vyama vya wamiliki wa nyumba za ghorofani wote waliruhusiwa kuomba, mradi kifaa kiwe cha kilowati 11, kiweze kudhibitiwa, na umeme utoke katika vyanzo visivyochafua mazingira. Mwitikio ulikuwa mkubwa hivi kwamba bajeti iliongezwa mara kadhaa hadi yuro milioni 800, nayo ikamalizika Oktoba 2021.

Siku chache baada ya ruzuku hiyo kuanza, yaani Desemba 1, 2020, marekebisho ya sheria ya umiliki wa nyumba za pamoja yalianza kutekelezwa. Sheria hiyo ilimpa kila mmiliki haki ya kudai aruhusiwe kuweka mahali pa kuchajia kwa gharama yake, na mpangaji akapewa haki kama hiyo mbele ya landilodi wake. Mkutano wa wamiliki ulibaki na uwezo wa kuamua namna kazi itakavyofanywa, lakini haukuwa tena na uwezo wa kuikataa bila msingi. Hapo haki na fedha zilitembea bega kwa bega.

Upande wa pili wa funzo hilo ulijitokeza Septemba 26, 2023. KfW ilifungua mpango mwingine uliolipia paneli za sola, betri ya kuhifadhi umeme na kifaa cha kuchajia kwa pamoja. Ruzuku hiyo ilitengewa wanaoishi katika nyumba zao wenyewe na wenye magari ya umeme. Wamiliki wa nyumba za ghorofani hawakujumuishwa. Yuro milioni 300 zilizotengewa mwaka huo zilimalizika kwa siku moja. Wakosoaji waliuliza kwa nini fedha za walipa kodi zimkimbilie mwenye paa lake na gari jipya, huku mkazi wa ghorofa akiachwa nje ya foleni.

Ufaransa: Jenga kwanza, lipa ukijiunga

Ufaransa ilichukua njia yenye hatua nyingi. Sheria ya mwaka wa 2010 ilianzisha kile ambacho Wafaransa hukiita haki ya soketi: mkazi wa jengo la pamoja, awe mmiliki au mpangaji, anaweza kutaka kuweka mahali pa kuchajia katika nafasi yake kwa gharama yake, na anayepinga lazima aende mahakamani na kutoa sababu nzito. Kuanzia 2021 muda wa kuwasilisha pingamizi hiyo ulipunguzwa hadi miezi mitatu.

Mpango wa ruzuku uitwao Advenir ulianza mwaka wa 2016. Fedha zake hazitoki moja kwa moja katika hazina ya serikali. Hulipwa na kampuni zinazouza kawi, ambazo kisheria hutakiwa kuonyesha kwamba zimechangia kupunguza matumizi ya kawi, na uchangiaji huo huthibitishwa kwa vyeti. Mwanzoni mwa miaka ya 2020, Advenir iliwalipa wakazi sehemu ya gharama ya vifaa vyao, na pia iliyalipa majengo nusu ya gharama ya njia ya pamoja, hadi yuro 8,000 kwa jengo lenye nafasi zisizozidi 100.

Ubunifu mkubwa zaidi ulitokana na sheria ya tabianchi ya Agosti 2021, ambayo kanuni zake zilitolewa Septemba 2022. Kampuni inayosimamia mtandao wa kusambaza umeme iliruhusiwa kujenga njia ya pamoja katika jengo bila wamiliki kulipa chochote mwanzoni. Mkazi anaponunua gari la umeme na kutaka kujiunga, ndipo anapolipa mchango wake. Asiyekuwa na gari halipi hata senti.

Mpango wa aina hii hujibu pingamizi ambalo huvunja mikutano mingi ya wakazi. Mzee anayeishi orofa ya pili na asiyekuwa na gari huuliza kwa nini akiba ya jengo itumike kumnufaisha jirani mwenye gari la bei ghali. Swali hilo ni la haki, na haliwezi kujibiwa kwa mahubiri kuhusu mazingira. Hujibiwa kwa hesabu inayoonyesha kwamba hatalipa chochote.

Norwe na Marekani

Norwe ndiyo nchi iliyotangulia wengine wote katika matumizi ya magari haya. Mwaka wa 2024, karibu asilimia 89 ya magari mapya ya abiria yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme kamili. Aghalabu ufanisi huo hupewa sababu moja, yaani kuondolewa kwa ushuru wa magari. Lakini manispaa ya Oslo, ambako wakazi wengi huishi katika vyama vya ushirika wa nyumba, ilitoa pia ruzuku kwa vyama hivyo ili viandae maegesho yao. Mwombaji alikuwa chama chenyewe. Kwa kufanya hivyo manispaa ilivipa vyama sababu ya kupanga kwa niaba ya wanachama wote.

Marekani ilitumia zaidi unafuu wa kodi. Sheria ya mwaka wa 2022 ilimwezesha mwenye nyumba kukatiwa asilimia 30 ya gharama ya kifaa, isizidi dola 1,000, nao wafanyabiashara, wakiwemo wenye majengo ya kupangisha, wakawekewa kikomo cha dola 100,000 kwa kila kifaa. Kiwango cha asilimia 30 kwa wafanyabiashara kilitegemea masharti ya mishahara ya mafundi, na unafuu huo ulihusu maeneo ya kipato cha chini au yasiyokuwa ya miji pekee. Sheria nyingine iliyotiwa saini Julai 4, 2025 iliweka Juni 30, 2026 kuwa kikomo cha vifaa vinavyostahiki. Wenye majengo ambao mikutano, idhini na zabuni zao huchukua miaka miwili walijikuta wakikimbizana na kalenda.

Katika jimbo la California, sheria iliyopitishwa mwaka wa 2011 inavizuia vyama vya wamiliki kukataza au kuwekea vikwazo visivyo vya haki mahali pa kuchajia. Ombi lisilojibiwa kwa maandishi kwa siku 60 huhesabiwa kuwa limekubaliwa, isipokuwa pale chama kilipoomba maelezo zaidi kwa sababu ya haki. Mwombaji naye hubeba gharama zote, ikiwa ni pamoja na ya umeme. Wapangaji walipewa haki inayofanana na hiyo kwa mikataba iliyotiwa saini kuanzia Julai 2015.

Mpangaji na landilodi

Kuna fundo moja ambalo ruzuku pekee haiwezi kulifungua. Landilodi ndiye anayegharimia nyaya, lakini mpangaji ndiye anayechaji kwa bei nafuu. Kwa hivyo landilodi haoni faida, na mpangaji haoni sababu ya kulipia nyaya ambazo ataziacha siku atakapohama.

Njia ambazo zimejaribiwa ni tatu. Ya kwanza ni kumlipa landilodi moja kwa moja, kama ilivyofanya Uingereza, ili jengo lake lipande thamani bila yeye kutoa fedha nyingi. Ya pili ni kumpa mpangaji haki ya kuweka kifaa na kuondoka nacho, kisha nyaya zibaki. Ya tatu ni kuliacha deni la njia ya pamoja lifungamane na nafasi ya kuegesha badala ya mtu, hivi kwamba anayehamia ndiye anayeendelea kulipa.

Umoja wa Ulaya umeamua kwamba majengo mapya yasirithi tatizo hili. Agizo lake la mwaka wa 2024 kuhusu matumizi ya kawi katika majengo linataka majengo mapya ya makazi yenye nafasi zaidi ya tatu za kuegesha yawekewe nyaya katika angalau nusu ya nafasi hizo, na mabomba ya kupitishia nyaya katika zilizosalia. Nchi wanachama zilipewa hadi Mei 2026 kuligeuza agizo hilo kuwa sheria zao. Mantiki yake ni nyepesi: bomba tupu huwekwa kwa bei ndogo zege likiwa bado halijamwagwa, na kwa bei kubwa likisha kukauka.

Hali ilivyo Kenya

Nchini Kenya, motisha zilizotolewa zimelenga hasa gari lenyewe na bei ya umeme. Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2019 ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kamili kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10. Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iliweka kwa mara ya kwanza kiwango cha pekee cha kuchaji magari: Sh16 kwa uniti katika saa za kawaida na Sh8 katika saa zenye matumizi madogo, kabla ya kodi na ada nyinginezo, kwa matumizi yasiyozidi uniti 15,000 kwa mwezi. Mwaka huohuo mamlaka hiyo ilitoa mwongozo kuhusu vituo vya kuchajia na vya kubadilishia betri.

Tukirejelea jengo letu la magari 40, matumizi yake yangekuwa takriban uniti 8,400 kwa mwezi, kiasi ambacho kinaenea ndani ya kikomo hicho. Gari linalotembea kilomita 40 kwa siku lingetumia umeme wa Sh56 likichajiwa usiku, na wa Sh112 likichajiwa mchana, kabla ya kodi na ada. Lakini bei hiyo ni ya akaunti iliyotengewa kazi ya kuchaji. Anayevuta waya kutoka mita ya taa za ngazi au ya nyumba yake hainufaiki nayo. Kwa maneno mengine, motisha ambayo tayari ipo nchini humfikia mkazi wa ghorofa iwapo tu jengo lake limejipanga kuwa na mita ya pamoja ya kuchajia na mita ndogo za kila mtumiaji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ugomvi juu ya nani aliyetumia umeme wa nani ndio utakaoua mradi kabla ya gharama kuuua.

Kuhusu umiliki, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka wa 2020 humpa mwenye nyumba ya ghorofani hati yake na fungu lake katika mali ya pamoja, na huunda shirika la wamiliki la kusimamia mali hiyo. Shirika hilo lina uwezo wa kufanya maamuzi, kukusanya michango na kuingia mikataba. Ndicho chombo ambacho, kwa mfano wa vyama vya Oslo, kingefaa kuwa mwombaji na mpokeaji wa motisha yoyote ya siku zijazo. Pale ambapo jengo zima ni la landilodi mmoja, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Nairobi na Mombasa, mfano wa karibu zaidi ni ule wa Uingereza wa kulipia nafasi zilizoandaliwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuanza

Tajriba ya nchi zilizotangulia inaonyesha kwamba jengo linalofikiria hatua hii, liwe na ruzuku au lisiwe nayo, hufaa kujibu maswali haya kwa mpangilio.

Kwanza, laini ya umeme ya jengo ina uwezo kiasi gani, na katika saa za usiku hutumika kiasi gani? Fundi aliyesajiliwa anaweza kupima hili kwa siku chache, na matokeo yake mara nyingi huondoa hofu ya transfoma.

Pili, mpango ni wa nafasi ngapi? Jengo linalopanga kwa ajili ya magari mawili yaliyopo leo litabomoa ukuta uleule tena baada ya miaka mitatu.

Tatu, nani atalipia njia ya pamoja, na wasiokuwa na magari wanalindwaje?

Nne, mita ni ya nani na ankara itagawanywa vipi? Uamuzi huu uandikwe katika kumbukumbu za mkutano kabla ya waya wa kwanza kuvutwa.

Tano, kifaa kitakachonunuliwa kinaweza kudhibitiwa na mfumo wa kugawa mzigo? Uingereza ililifanya hili kuwa sharti kwa vifaa vya kibinafsi vilivyouzwa kuanzia Juni 30, 2022, navyo vikatakiwa kuwekwa tangu mwanzo vikwepe saa za matumizi makubwa.

Sita, iwapo kuna ruzuku au unafuu wa kodi, tarehe ya mwisho ni ipi, na je, kazi inaruhusiwa kuanza kabla ya ombi kukubaliwa? Huko Ujerumani, aliyeagiza kifaa kabla ya kuomba ruzuku ya mwaka wa 2020 aliipoteza.

Baadhi ya nchi zilizotajwa hapa zilianza kwa kulipia kifaa ukutani, kisha zikajikuta zikirudi kulipia waya ulio nyuma yake. Kenya haijatumia fedha nyingi katika hatua hiyo ya kwanza, hivyo inaweza kuiruka. Kwa sasa, gharama ndogo kabisa ambayo mjenzi wa ghorofa jipya anaweza kuingia kwa ajili ya wakazi wake wa kesho ni ile ya kuacha bomba tupu sakafuni kutoka chumba cha mita hadi kwenye maegesho.